Kikaratasi cha Mwisho cha Bwana Ormerod

Kwa miaka ishirini na mitano Wilfred Ormerod alilifanyia kazi neno moja la herufi mbili. Miaka kumi na saba ya mwisho kazi hiyo ilikuwa ya bure kabisa, na kila mtu katika Jumba la Kamusi la Aldersby alilijua hilo isipokuwa yeye. Halafu naye akaja kujua, akafunga mdomo wake. Nikifika hapa damu hunichemka, kwa hiyo mnivumilie. Nimeishi na watu hawa miaka mingi na nawapenda, lakini kuna siku natamani niwakamate mabega niwatikise.

Neno lenyewe ni on. Usilione fupi ukadhani ni rahisi. Sisi kikombe kikiwa mezani tunasema kiko mezani, tunakunywa chai yetu, basi. Kwa Waingereza neno hilo moja linabeba kikombe kilicho mezani, picha iliyotundikwa ukutani, pete iliyo kidoleni, mji ulio kando ya mto, siku ya Jumanne, taa inayowaka, muuguzi aliye zamu, nyumba inayoungua, na mtu anayeishi kwa viazi vitupu. Ukipanda basi, hata ukikaa kiti cha nyuma kabisa na madirisha yamefungwa, watasema uko juu ya basi. Ukiwanunulia wenzako bia, bia zile ziko juu yako. Basi mtu mzima mwenye akili zake alipewa dawati na taa, akaambiwa: tupangie maana zote za neno hili, kila moja na ushahidi wake. Wilfred alianza mwaka 1952, ana miaka arobaini, hana mke, ana baiskeli.

Kazi ilikwenda hivi. Kote nchini walikuwepo wasomaji wa kujitolea: walimu wastaafu, makasisi, wajane wenye macho mazuri, na mfungwa mmoja wa kifungo cha maisha aliyesifika kwa mwandiko. Msomaji akilikuta neno kitabuni, anaandika sentensi nzima kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, chini yake anataja kitabu, mwandishi na ukurasa, anakitia posta. Pale Jumbani vikaratasi vilipanda kwanza ghorofa ya tatu kwa Bi Hester Quayle, mhakiki. Bi Quayle hakumwamini mtu, makasisi wakiwemo. Alikwenda rafuni, akafungua kitabu kile kile, akaiona sentensi kwa macho yake, ndipo akapiga muhuri: IMEONWA. Alikuwa na muhuri wa pili, CHANZO HAKIJULIKANI, MWONE MWANDISHI. Huo ukipigwa ilibidi aliyeleta kikaratasi aende mwenyewe kwa mwandishi, akamwulize uso kwa uso kama kweli aliandika maneno yale. Ulikuwa umetumika mara tatu tu. Mara moja mwandishi alipatikana katika nyumba ya wazee, akakana kitabu kizima.

Vikishahakikiwa, vikaratasi vilishuka ghorofa ya pili kwa Wilfred, furushi la hamsini kila Alhamisi, naye akavipanga kwenye masanduku ya viatu. Maana moja, sanduku moja. Kufikia mwaka wa nane alikuwa na masanduku arobaini.

Februari 1960 mapafu yakamshika, akalala wiki sita. Huku nyuma mpiga chapa akaja juu: juzuu la O linatakiwa, mitambo inangoja. Mhariri mkuu, Bwana Tunnicliffe, mtu mwembamba aliyependa kuvua samaki kuliko kuongea, akapekua kabati akakuta rasimu ya zamani ya neno lile, ya mtangulizi aliyekwisha kufa, safu nne, maana kumi na tisa. Akaituma. Juzuu likachapwa, likafungwa kwa ngozi, likaenda madukani. Wilfred akarudi kazini Jumatatu, Tunnicliffe akimngoja mlangoni na maneno yake ameshayapanga.

"Bwana Ormerod. Umerudi."

"Nimerudi. Na ile ya nzi nimeielewa."

"Nzi gani?"

"Nzi wa darini. Nilimtazama kitandani wiki tatu nzima. Miguu iko juu, tumbo liko chini, dari ndiyo iliyo juu yake, lakini sisi bado tunasema yeye yuko juu ya dari. Haiwezi kuwa sawa na kikombe. Lazima apewe maana yake mwenyewe, ya arobaini na moja."

Tunnicliffe alimtazama. Mashavu yalikuwa yamebonyea na sweta ya kahawia ilimning'inia.

"Vizuri sana," alisema. "Endelea."

Alikusudia kumwambia Jumanne, lakini Jumanne ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Wilfred. Jumatano ilinyesha. Ilipofika Pasaka jambo lilishakuwa jingine, maana sasa ungemwambiaje mtu bila yeye kuuliza kwa nini hukuniambia siku niliporudi? Na hawa ni watu ambao ukimkanyaga mmoja mguu, yeye aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakufika Aldersby.

Ikawa ni funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye rafu ya ukumbini majuzuu yalifuatana mpaka N, kisha pengo, kisha P, na Wilfred akiuliza aliambiwa O iko kwa mfungaji vitabu. Wageni waliokuja kupongeza juzuu jipya waliingizwa kwa mlango wa nyuma wa kupitishia makaa. Shida kubwa ilikuwa vikaratasi. Wasomaji wote walikwisha arifiwa kwamba O imefungwa, wasilete tena, na Alhamisi inakuja. Wakakaa kikao kisicho na kumbukumbu: Tunnicliffe, Bwana Sleath, mtu wa herufi P, mnene, mwenye hofu na kila kitu, na Bi Quayle. Wakaamua watunge nukuu wao wenyewe.

"Siwezi," alisema Bi Quayle. "Muhuri unasema imeonwa. Nitakuwa nimeona nini?"

"Ni kwa ajili ya Bwana Ormerod," alisema Tunnicliffe akitazama viatu vyake.

"Muhuri haumjui Bwana Ormerod. Hakuna kitabu, hakuna muhuri."

Wenye akili wangeishia hapo, wakamwambia mtu ukweli, wakanywa chai. Wao wakaandika vitabu. Nasema kweli. Tunnicliffe alikusanya maelezo yake ya uvuvi wa samaki wa mtoni yakawa kijitabu. Sleath aliandika hadithi ya mauaji ambamo kila ukurasa mtu anaanguka juu ya kitu akiwa maiti. Bi Quayle, asiyejua kufanya jambo nusu nusu, alikwenda nyumbani, akaketi mbele ya taipureta ya marehemu baba yake, akaanza riwaya. Akaipa jina Ngazi za Nyuma, na mwandishi akamwita E. M. Harcastle. Kila alipomaliza kurasa kumi alizipeleka kazini, akaziweka rafuni, akarudi mezani, akainuka tena, akaenda rafuni, akaiona sentensi, akapiga muhuri. Baada ya miaka miwili samaki walimwishia Tunnicliffe na maiti zikamwishia Sleath. Yeye akaendelea peke yake, furushi jembamba kuliko zamani kila wiki.

Sasa, Wilfred alijuaje? Alikwenda gulio la vitu vikuukuu la kanisa, Septemba 1964, kutafuta taa ya baiskeli. Pale mezani, kati ya buli lisilo na kifuniko na fumbo la picha lililopungua vipande, lilikaa juzuu la O. Alilifungua. Safu nne, maana kumi na tisa, nzi hayumo. Akalinunua, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaenda nalo nyumbani, akakaa nalo jikoni mpaka birika likakauka likaanza kunuka. Alilia, nami sioni haya kulisema kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakumwambia mtu.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa mhariri mkuu.

"Bwana Tunnicliffe, kuna jambo."

"Ni kifua tena?" Tunnicliffe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Wilfred aliiona ile mikono. Akaona kwamba akisema neno moja, mzee huyu atajua kuwa ameonekana akidanganya miaka minne, yeye, mzee wa kanisa. Aibu ile hakuweza kumtia.

"Ni dirisha langu," alisema. "Linapitisha upepo."

Dirisha halikuwa na tatizo. Kesho yake fundi alilitengeneza, na tangu siku hiyo likapitisha upepo kweli.

Hivyo akarudi kwenye masanduku. Mwanzoni alirudi kwa adabu tu. Lakini alipoanza kuvitazama vikaratasi akijua vimetoka wapi, aligundua kwamba kuna hadithi mle. Akavitoa vyote vya Harcastle masandukuni, akavipanga upya kwa kurasa, na Alhamisi ikawa siku anayoingoja tangu Ijumaa. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aitwaye Dorcas, anayemuuguza baba yake mkali katika nyumba ndefu. Ukurasa wa 14: Baba aliweka kofia juu ya kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Ukurasa wa 90: Siku ya Jumatano walimzika, na Dorcas akakikalia kiti.

Balaa ni kwamba alipata tu sentensi zilizokuwa na lile neno. Alijua kila kilichowekwa mezani na kila kilichotokea siku ya Jumatatu. Alijua taa zipi ziliwaka. Lakini mwanamume mwenye masharubu aliingia ukurasa wa 130 na hakuonekana tena. Je, alikufa? Aliposa akakataliwa? Mambo hayo, kama yalitokea, yalitokea bila kulihitaji neno on, na Wilfred alikaa miezi saba akimchukia mtu yule bila kujua kafanya nini. Angeweza kupanda ghorofa ya tatu, rafu ya nyuma, asome kitabu kizima. Lakini kupanda kungekuwa kukagua, na kumkagua Bi Quayle ni kumtukana.

Halafu, mwaka wa 1971, ukurasa wa 402: Alikuwa na doa la wino juu ya mkono wa kushoto wa sweta yake ya kahawia, na Dorcas alipokutana naye ngazini alitamani sana kumwambia, ili apate sababu ya kuugusa.

Wilfred alisoma. Akautazama mkono wake wa kushoto. Akainuka akafunga mlango, akakaa chini tena, akasoma mara ya pili. Sweta ile hakuifua mwezi mzima, akihofia doa litatoka.

Je, alimwambia? Thubutu. Alianza tu kupanda ngazi saa nne kamili, wakati Bi Quayle anaposhuka, na wakikutana walisema hivi:

"Habari za asubuhi, Bi Quayle."

"Nzuri, Bwana Ormerod. Kumepambazuka vizuri."

"Wanasema mchana itanyesha."

"Wanasema hivyo."

Maneno hayo waliyasema kwa miaka sita, siku za jua na siku za theluji.

Tukafika Juni 1977. Wilfred ametimiza sitini na tano, Ijumaa anastaafu. Wiki moja kabla, kwenye ubao wa matangazo, likabandikwa tangazo la mistari miwili: Bi Quayle naye anaacha kazi, anahamia pwani kwa dada yake Maud. Na Alhamisi ile, kikaratasi cha juu kabisa kwenye furushi kilikuwa cha ukurasa wa 611: Siku ya Jumamosi angepanda treni kwenda kwa dada yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia abaki.

Wilfred alihesabu: Ijumaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku sita za kazi za kusema maneno matatu. Mtu mwingine angefanya hivyo kabla chai haijapoa.

Jumatatu alimngoja ngazini akiwa amekwisha kula kiapo mbele ya kioo cha kunyolea.

"Bi Quayle."

"Bwana Ormerod."

"Nilitaka kusema." Alishika kishikio cha ngazi. "Wanasema mchana itanyesha."

Bi Quayle aliutazama mkono wa sweta yake. "Wanasema hivyo," alisema, akashuka. Alikuwa na kamba ya kufungia masanduku mkononi.

Jumanne hakuthubutu hata kutoka chumbani. Jumatano aliokolewa na Bi Geddes.

Bi Geddes alikuwa mwanamke wa kusukuma toroli la chai, Mskochi wa Glasgow, ana miezi minane tu pale, na hakuna aliyekumbuka kumweka ndani ya siri. Aliingia na kikombe, akakuta mtu amelaza paji la uso juu ya sanduku la viatu.

"Bwana wangu, nikuulize," alisema. "Hivi unaandika nini humu? Maana shemeji yangu analo hilo juzuu la O, analitumia kuegeshea mlango. Lina miaka."

"Kumi na saba," alisema Wilfred bila kuinua kichwa. "Najua."

Kijiko kilimtoka mkononi. "Unajua? Na wao wanajua kama unajua?"

"Hapana. Wangeona aibu."

"Na wewe umekaa hapa miaka yote hii?"

"Bi Geddes, chai inapoa."

"Iache ipoe." Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuna mleta chai aliyewahi kulifanya tangu jengo lijengwe, na Wilfred, kwa mshangao, akamweleza yote. Nzi, gulio, Dorcas, doa la wino, Maud, Jumamosi. Bi Geddes alikula biskuti tatu akisikiliza.

"Basi panda ngazi umwambie abaki."

"Siwezi. Nikimwambia abaki, itabidi aulize nimejuaje anataka kuambiwa. Nikisema nimesoma kitabu chake, atajua kuwa najua ni chake. Akijua hilo, atajua kuwa juzuu nililiona. Na akijua hilo atajua kuwa miaka kumi na tatu nimemwacha aandike kurasa mia sita bure."

"Bure kivipi? Si wewe umezisoma?"

Wilfred alifunua sanduku la viatu, akalifunika tena.

"Nyie watu mtakufa na adabu zenu kooni," alisema Bi Geddes akiinuka. "Mficha uchi hazai. Huwezi kusema, sawa. Kuandika je? Umeshindwa hata kuandika, na hapa ndipo mnapoishi kwa vikaratasi?"

Alhamisi furushi halikuja. Badala yake kilikuja kikaratasi kimoja chenye kibanio, bila nukuu, ila kwa mwandiko wa Bi Quayle: Mwisho wa vilivyopo. Wilfred alikishika mchana kutwa. Hakuna aliyemwonea huruma ila mimi, na mimi sikuwepo.

Ijumaa asubuhi alinoa penseli, akachukua kikaratasi kipya, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano akatunga nukuu. Alifanya yote kwa taratibu za nyumba: neno lenyewe juu kushoto, sentensi katikati, chanzo chini.

"Usiende siku ya Jumamosi," alisema yule mwenye wino juu ya mkono wa sweta. "Nimekuwa nikikusoma." Ngazi za Nyuma, E. M. Harcastle, ukurasa wa 612.

Alikitia kwenye trei ya uhakiki saa tatu na dakika kumi. Saa nne alipanda ngazi kama kawaida. Bi Quayle hakushuka. Saa sita hakuna kitu. Saa nane alisikia viatu ghorofa ya juu vikienda rafuni, vikirudi, vikienda tena. Akatamani akakichukue kikaratasi chake akitafune.

Saa tisa na nusu ilikuwa sherehe. Keki ya jamu, divai ya sherry kwenye vikombe vya chai, watu kumi na moja wamebanana chini ya rafu yenye pengo. Bi Quayle hayupo. Walimzawadia Wilfred saa ya mezani, maana hawa mtu akimaliza muda wake humpa saa. Bwana Tunnicliffe, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutetemeka na aliyekataa kustaafu mwenyewe kwa kuogopa mrithi wake atasema, alisimama na karatasi.

"Na itakapofika siku," alisoma, "ambapo juzuu la O litatoka, na halipo mbali, jina la Bwana Ormerod..."

Wilfred alimtazama. Aliona karatasi ikicheza mikononi mwa yule mzee, akajua kwamba uongo huu umemla mwenzake kuliko ulivyomla yeye. Kwa mara ya kwanza akaona kunyamaza kwake hakukuwa wema. Akapiga moyo konde.

"Bwana Tunnicliffe," alisema. "Juzuu la O lilitoka mwaka wa sitini. Ninalo. Nililinunua kwenye gulio la kanisa mwaka wa sitini na nne. Sina kinyongo na mtu."

Mtu alimeza keki, kila mmoja akaisikia ikishuka. Bwana Sleath aligeukia dirisha.

"Naona mawingu," alisema, "yanatokea magharibi."

"Magharibi, naam," alisema mwingine.

"Mashamba yanayahitaji," alisema wa tatu, na chumba kizima kikakubaliana kwamba mashamba yanayahitaji sana. Tunnicliffe alingoja waishe, akavaa miwani tena, akaendelea: "...ambapo juzuu la O litatoka, na halipo mbali..."

Miaka kumi na tatu mtu ameogopa kuwaaibisha, na kumbe haiwezekani. Wamejikinga vizuri kuliko alivyowakinga yeye. Wilfred alianza kucheka, sherry ikamwingia puani, wakampiga mgongoni kwa upole. Lakini Tunnicliffe, alipomkabidhi saa, alimshika mkono muda mrefu mno, na machozi yalikuwa yakimtiririka huku akisema kuhusu hali ya hewa.

Toroli likaingia. Bi Geddes akamwekea Wilfred kikombe ambacho hakukiomba, akaondoka bila kusema kitu. Chini ya kisahani kulikuwa na kikaratasi. Kilikuwa chake. Mwandiko wake, penseli yake, na juu yake, kwa wino mweusi uliopigwa kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea, muhuri: CHANZO HAKIJULIKANI, MWONE MWANDISHI.

Ilikuwa saa kumi na robo. Wilfred alitoka katikati ya hotuba, saa ya mezani kwapani, akapanda ngazi mbili mbili na mapafu yale yale.

Bi Hester Quayle alikuwa ameketi wima nyuma ya meza tupu. Miaka hamsini na minane, nywele zimebanwa, koti la safari limevaliwa na vifungo vyote. Kila kitu kilikwisha fungashwa isipokuwa mihuri miwili na taipureta ya baba yake, ambayo hakuwahi kuileta kazini. Alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka nyumbani saa ya chakula, mwendo wa maili moja na nusu. Ndani yake ilikuwa karatasi nyeupe, juu imeandikwa 612.

"Nimetumwa kumwona mwandishi," alisema Wilfred. Alikuwa akihema.

"Tangu lini?" alisema Bi Quayle.

"Tangu sitini na nne."

"Miaka kumi na tatu." Aliinyoosha mihuri miwili mezani ikawa sambamba. "Miaka kumi na tatu nimekesha na kile kitabu, nikidhani nakuficha. Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kujua Dorcas anaishia wapi."

Bi Quayle alimtazama usoni, kisha mkono wa sweta, wa kushoto. Akainua kidole, akasita. Safari hii hakukuwa na ngazi wala watu wanaopita. Akaligusa doa, akalisugua mara mbili, na doa, la miaka sita, halikutoka.

"Yule mwenye masharubu," alisema Wilfred. "Wa ukurasa wa 130. Alifanya nini?"

"Yule? Alikuwa fundi bomba. Alirekebisha akaondoka."

"Nimemchukia bure."

"Umemchukia?" Na hapo Bi Quayle akacheka, akalia, vyote kwa pamoja na bila mpangilio. Akavua koti la safari, akalitundika, akajivuta kwenye taipureta. "Sasa sikiliza. Nimekwenda rafuni mara tisa leo. Ukurasa wa 612 haupo. Hakuna kitabu, hakuna muhuri, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Keti. Weka hiyo saa chini. Unitajie neno kwa neno, polepole, na kama ulikosea kunukuu nitakusahihisha."

Akaketi. Akataja. Chini walikuwa bado wanazungumzia mawingu.

Jumamosi treni ya saa nne iliondoka na masanduku matano ya Bi Quayle, yeye hayumo, kwa sababu yalikwisha tangulia stesheni na hakuna aliyetaka kumsumbua mkuu wa stesheni ayashushe. Maud aliyapokea peke yake, akakasirika mpaka Krismasi. Kikaratasi cha ukurasa wa 612 kiko jikoni kwao, ukutani, kimebandikwa juu ya rafu ya vikombe. Kina mihuri miwili, na wa pili, ule wa IMEONWA, umepigwa kidogo upande.